Ng'ombe Kumi wa Neema

Kijiwe chetu cha Nkende ni benchi moja mbele ya mashine ya kusaga. Jana asubuhi Mseti alimimina kahawa mzunguko wa kwanza na hakuna aliyecheka. Katikati alikaa Mzee Wangwe, fimbo mapajani. Ng'ombe kumi aliowapeleka Gorong'a, mahari ya mwanawe Godwin, walirudishwa juzi, wote. Baba wa binti kasema wamekonda mno, na harusi ni Jumamosi. Ni wale wale aliowapokea mwaka juzi alipomwoza binti yake Neema kule Nyarero. Mimi nimechoka na habari hii kama vile zizi ni langu.

— Kumi ni kumi, akasema Wangwe. Tangu lini mahari ikapimwa kwa mizani?

— Ndiyo shida yenyewe, mzee, akasema Simioni, tunayemwita Profesa kwa sababu alianza kusoma uchumi kidato cha tano, akaishia hapo hapo. Una noti mbili za elfu mbili, moja mpya, moja imegandishwa kwa gundi. Hapa kwa Mseti unalipa kwa ipi?

— Ya gundi.

— Na mpya?

— Naificha.

— Kila mtu anaificha. Ndiyo maana mtaani yanazunguka matambara.

— Kopo langu limejaa gundi tupu, akasema Mseti.

— Basi na ng'ombe ni hivyo hivyo. Mahari inahesabu vichwa. Mnono unampeleka mnadani wanakolipa kufuatana na nyama. Aliyekonda unampeleka ukweni. Lile dume lako la zizini, mzee, mbona hukulipeleka Gorong'a?

— Lile ni la mnada.

— Umeona?

Brayan akaingilia. Huyu tunamwita Sirari, maana kila jambo analimalizia mpakani.

— Acha vitabu, mura. Ni Wakenya. Wanavusha wanono wote. Hata nyasi za huku zimesikia bei ya kule, zinagoma kuota.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Wangwe. Wawili waliokonda wanatosha kuwa mnono mmoja.

— Si ungepeleka ishirini! akasema Brayan. Na yule mwekundu wa pembe moja nasikia ameshatolewa mahari mara tano. Tarime hadi Serengeti, njia anaijua peke yake. Ukifungua zizi tu, anaelekea ukweni.

— Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, akasema Mseti.

Hapo tukacheka, na mimi nikiwemo. Tulipogeuka, Neema alikuwa nyuma yetu, mtoto mgongoni na debe la mahindi kichwani. Alikuwa amekuja kusaidia maandalizi ya harusi. Sijui alisimama pale tangu saa ngapi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

Akatua debe.

— Tata, ulipowapokea wale kumi ulisema ni ng'ombe wazuri. Ukanibariki, nikaenda. Leo wamekataliwa, na nyie mnawacheka. Sasa mimi nilitolewa kwa kitu gani?

Brayan akaangalia barabara ya Sirari. Mimi niliona aibu, nasema kweli.

— Mseti, akasema Wangwe, niongeze kahawa.

— Imeisha, mzee.

Neema akaingia na debe lake mashineni. Wangwe akapapasa mfuko wa koti, akamlipa Mseti. Noti ilikuwa mpya. Hakungoja chenji. Akashika fimbo, akaenda zizini kulitoa lile dume liende Gorong'a.