Upepo Upo, Taa Haiwaki

Mniwie radhi mapema: hadithi hii nitaisimulia vibaya. Aliyefaa kuisimulia ni Wembe, yule kinyozi, ila Wembe akisimulia jambo huongeza watu, huongeza mvua, na mwishoni yeye ndiye aliyeokoa kila mtu. Mimi kazi yangu ni kupunguza, tena napunguza mahali pasipotakiwa. Vumilieni hivyo hivyo. Kijiwe chenyewe ni benchi la chuma mbele ya karakana ya kuchomelea, kati ya mageti yasiyopakwa rangi na kibanda cha kunyolea. Benchi alilitengeneza mwenye karakana, jina la utani Cheche, na kwa kuwa hakuna mteja aliyelisubiri, linajionyesha: wa kushoto akikaa, wa kulia ananyanyuka. Hapo kila asubuhi hukutana watatu. Cheche mwenyewe. Wembe, ambaye humwacha mteja na nusu kichwa akakimbilia hoja. Na Mzee Katibu, mstaafu ambaye hajawahi kuwa katibu wa kitu chochote, ila kila mjadala lazima aufunge yeye. Kahawa anapika yeye Mzee Katibu, kwenye jiko la karakana, na haruhusu mtu aguse birika.

Asubuhi hiyo kikombe cha Cheche kilikuwa kimepoa mkononi.

— Haijawaka, alisema.

— Nini? Sigara? aliuliza Wembe.

— Taa ya mama.

Hapo hata Wembe aliacha utani, maana habari ile waliijua. Mama yake Cheche anaishi peke yake juu mlimani. Nguzo za umeme zilipanda zikaishia njia panda ya chini, utadhani zimeishiwa pumzi. Sola ilijaribiwa ikashindwa. Huko ukungu hukaa miezi kama mpangaji asiyehama. Ndipo Cheche akamtengenezea mtambo wa upepo: mapanga matatu aliyoyachonga kutoka bomba la maji la plastiki, mota kuukuu yenye sumaku, mkia wa bati, na waya wa kushuka hadi kwenye betri ya lori. Akaufunga juu ya paa. Ulikuwa mzuri kuuangalia, tena ulionekana tangu barabarani.

Sasa mwezi uliopita mama alijikwaa gizani akienda jikoni, akateguka mkono. Kaka mkubwa alipopata habari akatoa hukumu: Jumamosi anakuja na gari, anamchukua mama akakae naye mjini. Mama hataki. Alisema akihamia kwa mkamwana atakuwa mgeni mpaka siku ya kuzikwa. Cheche akamwombea. Kaka akajibu kwa ufupi: “Nikikuta taa inawaka, nitakunywa chai nirudi zangu. Nikikuta giza, nambeba.”

Na leo ilikuwa Alhamisi.

— Haya, tuanze upya, alisema Wembe, akajipangusa nywele za watu kwenye mikono. Waya?

— Nimekagua.

— Betri?

— Nzima. Nikiichajia hapa karakanani inakaa na chaji wiki nzima. Nikiipandisha kule, nikirudi naikuta tupu kama ngoma.

— Mapanga yanazunguka?

— Nikiyazungusha kwa mkono, taa inawaka. Mwenyewe nimeiona.

— Basi kaa juu ya paa uzungushe mpaka kaka yako aondoke.

— Wembe, leo sina meno ya kucheka.

Mzee Katibu alikohoa kile kikohozi chake cha kufungua kikao.

— Vijana, tatizo ni betri. Betri hiyo ilikuwa ya lori?

— Ndiyo, mzee.

— Lori gani?

— La mizigo, la masafa marefu.

— Umeona? Kitu kimezunguka nchi nzima, kimelala kila mji, leo unakifungia chumbani kwa bibi kizee. Kimenuna hicho! Wahenga walisema...

— Mzee, waache wahenga wapumzike, alimkata Wembe. Betri hainuni. Mimi nawaambia ni jirani. Upande wa pili wa mlima si kuna mtu naye kafunga mtambo?

— Yupo, alisema Cheche. Wake unawaka vizuri tu.

— Utaachaje kuwaka? Yeye anaupata upepo mzima mzima! Ukishapita kwake unatoka makapi. Huko kwa mama yako mnapulizwa makapi, ndugu yangu. Upepo uliokwisha kukamuliwa!

— Upepo haukamuliwi.

— Nazi nayo inaonekana ni jiwe mpaka uikune.

Cheche alitaka kubisha, akajikuta anafikiri. Ndivyo mtu anavyokuwa siku zikimbana: hata makapi ya upepo yanaanza kuwa na maana. Alikumbuka jinsi alivyomwonyesha mama mtambo siku ya kwanza, jinsi mama alivyopiga kigelegele kimoja kifupi kwa sababu ya kifua, kisha akasema, “Mwanangu kaleta kiwanda nyumbani.” Kwa kigelegele kile Cheche alikuwa tayari kuchomelea mlima wote.

— Hapana, hapana, alisema Mzee Katibu, ambaye alikuwa ameona wadhifa wake unaponyoka. Fikirini kitaalamu. Mapanga yakizunguka, umeme unakwenda kwenye betri. Sawa? Na upepo ukikoma?

— Yanasimama, alisema Cheche.

— Nani kakwambia? Ulikuwepo? Upepo ukikoma, umeme unapanda tena! Unatoka kwenye betri, unarudi kwenye mota, mapanga yanazunguka yenyewe. Mtambo wako, Cheche, ukiachwa peke yake unageuka feni. Unapuliza mlima!

Wembe alisimama, akakaa, Mzee Katibu akanyanyuka upande wa pili.

— Mzee, hiyo ni kali! Ndiyo maana upande ule kuna baridi!

— Nimeweka kizuizi cha umeme, alisema Cheche. Umeme unashuka tu, haupandi.

— Kizuizi umekinunua wapi?

— Nimekitoa kwenye redio mbovu.

— Mbovu! walisema wote wawili, kama kwaya.

Wakati huo alikuwa amefika mama mmoja wa makamo, amebeba kigoda cha chuma kilichokatika mguu. Hakuwa mtu wa kijiwe. Alisalimia, akaitikiwa nusu nusu, akaambiwa fundi ni huyo lakini yuko kwenye kikao. Akaweka kigoda chini, akaegemea geti, akasikiliza. Walikuwa wamefika mahali ambapo Wembe anathibitisha kwamba mnara wa simu wa kule mlimani ndio unaovuta upepo wote, ndiyo maana watu wakipiga simu wanasikia vuu vuu, na Mzee Katibu anasema sivyo, bali mlima wenyewe umehama kidogo, milima huhama, yeye aliona kwenye ramani za ofisini mlima mmoja katika karatasi mbili mahali pawili tofauti.

— Samahani, alisema yule mama. Naomba kuuliza.

— Uliza tu, dada, alisema Mzee Katibu. Kikao kiko wazi.

— Huyu aliyetengeneza huo mtambo, tangu aufunge, ameshalala pale hata usiku mmoja?

Mzee Katibu alitazama ndani ya birika kama vile jibu limezama humo.

— Dada, alijaribu Wembe mwishowe, huyu ni fundi. Fundi hufunga akaondoka.

— Sawa. Nimeuliza tu. Mimi shemeji yangu alinifungia pampu ya maji, ikawa haitoi mpaka siku alipokuja kuoga kwangu.

Cheche alikuwa anahesabu kichwani safari zake. Hupanda na gari la asubuhi, hufunga, hukaza, hunywa chai akiwa amesimama, anawahi gari la saa tisa kwa sababu kuna geti la mtu linasubiri. Mama humfungia ndizi kwenye mfuko, humsindikiza hadi kwenye kona. “Hulali leo?” huuliza kila mara. “Nitalala safari ijayo, mama.” Kila mara.

Alitoa simu, akapiga, akaiweka sauti ya juu bila kukusudia, mikono yake ya fundi ikiwa imezoea kubonyeza kwa nguvu.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu. Umekula?

— Nimekula. Mama, ule mtambo, usiku unazunguka?

Kuku alisikika kwa mbali.

— Mama?

— Unazunguka, baba, unazunguka sana. Ni mzuri.

— Mama, niambie tu.

— Sasa nikwambie nini, na wewe ulivyofurahi siku ile? Unanguruma, mwanangu. Umeuweka juu ya kitanda changu. Ukianza, paa zima linatetemeka, na vyombo kabatini navyo vinagongana. Ni kama kuna lori limeegeshwa darini na dereva kasahau kuzima. Sasa ile kamba uliyonionyesha, ya kuvuta siku ya dhoruba mkia ukunjike mapanga yasimame...

— Unaivuta.

— Naivuta nikipanda kulala. Asubuhi naiachia mapema, wala sikuonei. Mchana kutwa nimeuacha huru!

— Lakini mama, mchana...

— Mchana huku hakuna upepo wa maana, wewe hujui? Upepo wetu unakuja jua likishazama. Umesahau? Ulikuwa ukiusikia unajifunika shuka mpaka kichwani, unaniita. Kaka yako akikucheka.

Benchi lilitulia kabisa, kulia na kushoto sawa. Wembe alijifanya anasafisha mashine yake ya kunyolea, na mashine haikuwepo mkononi.

— Nimekumbuka, mama, alisema Cheche, na sauti yake ilikuwa imeshuka chini kidogo ya ile anayoitumia kwa wateja.

— Usimwambie kaka yako. Atasema nimekuharibia kazi. Mwambie taa ina shida ndogo.

— Sitamwambia hivyo. Mama, nyuma ya zizi la mbuzi, kile kichuguu, upepo unafika?

— Pale? Pale shuka nikianika usiku naikuta kwa jirani.

— Basi nakuja na bomba refu, nausimamisha pale, mbali na kitanda chako. Nakuja leo.

— Utarudi na gari la saa tisa?

— Sirudi leo. Nitalala. Nitalala mpaka kaka aje, nimpokee mwenyewe.

Mama akasema atatoa godoro juani, akakata simu kabla hajaagwa, kama afanyavyo mtu aliyepata kazi ya haraka.

Cheche aliingia karakanani. Alitoka na bomba refu begani, waya wa kuvutia nguzo, nyundo, na blanketi ambalo kwa kawaida hulazia mitungi ya gesi. Alilikung'uta. Kisha akakiangalia kigoda cha yule mama, akakichomelea pale pale, akampa kikiwa bado kinafuka, akakataa kulipwa.

— Kesho nitajua kama kimeshika, alisema yule mama. Nitakikalia kwanza.

— Ndivyo inavyotakiwa, alisema Cheche.

Mzee Katibu alimwaga mashapo ya kahawa, ishara kwamba kikao kimeahirishwa bila azimio. Lakini Wembe hawezi kuacha jambo liende hivi hivi. Alimfuata Cheche mpaka ukingoni mwa barabara, kule kibandani mteja wake akimwita na nusu kichwa.

— Ngoja, ngoja. Usituache gizani na sisi. Waya mzima, betri nzima, mapanga mazima, mama hana kosa, upepo upo. Sasa kibovu ni kipi? Si useme umekipata?

Cheche alihamishia bomba bega la pili.

— Nimekipata. Kimekaa kwenye benchi lenu tangu asubuhi, kinakunywa kahawa, na kwa mama hakijalala hata usiku mmoja.