Mkwe Anasubiriwa Kabla ya Saa Sita

Baraza la nyumba ya kina Mallik, kaskazini mwa Kalkata, ni la saruji na limepasuka katikati. Wenye nyumba walihama zamani, kufuli la mlangoni limeota kutu, lakini baraza lenyewe halijapata kukosa makalio ya kulipasha moto. Mahadeb anauza chai hapo mkabala, chai ya maziwa na tangawizi kwenye vikombe vya udongo. Ukimaliza kikombe chako unakipiga chini kinavunjika, ndiyo maana hapo hakuna anayeweza kudanganya amekaa muda gani: vigae viko miguuni pake. Siku hiyo ya Jamai Shoshthi, sikukuu ya wakwe wanaume, jua la Juni likichoma kama linalipa kisasi, Ghontu alikuwa na vigae vya vikombe viwili miguuni na cha tatu mkononi. Na ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi.

Kwenye karatasi anaitwa Prasanta, lakini hakuna anayemwita hivyo ila tajiri wake, na huyo humwita pale tu anapotaka kugombana. Ana miaka arobaini na miwili, anasahihisha kadi za harusi kwenye kiwanda cha chapa, na kitambi chake kimemtangulia umri. Leo ni siku ya wakwe. Mama mkwe hufunga tangu alfajiri, hata maji hanywi, mpaka mume wa binti yake afike, afungwe uzi wa njano mkononi, apepewe kwa jani la mnazi, alishwe maembe na samaki mpaka macho yamtoke. Hapo ndipo na yeye mama hupata ruhusa ya kumeza kitu. Mama mkwe wa Ghontu ni mjane, anaishi mtaa wa tatu, na ana kisukari. Mke wake, Sulekha, alimwambia alfajiri akiwa anafunga kanda za viatu kwenda kazini:

— Kabla ya saa sita uwe umefika. Mama hatakunywa hata tone. Umenisikia?

— Nimesikia.

Kusikia alisikia kweli.

Tatizo ni kwamba siku ya wakwe ni siku ya wakwe wote. Dada yake Ghontu naye ana mume, na huyo mume alikuwa anakuja kwa mama yake Ghontu, ambaye Ghontu anaishi naye, kufungwa uzi wake. Mama akataka mwanawe awepo, maana shemeji ataongea na nani, na paka? Halafu yule tajiri. Alitoa ruhusa ya nusu siku kwa mkono wa kulia, akaanza kuinyofoa kwa simu kwa mkono wa kushoto: kuna kadi mia tano za harusi, jina la bwana harusi limekosewa, Prasanta pita hapa mara moja. Hivyo Ghontu, aliyetoka nyumbani saa mbili akijua aendako, alipita barazani apumue kidogo, kikombe kimoja tu, kwa sababu mtu akitaka kugawanyika mara tatu ni lazima kwanza akae chini.

Waliokuwa wamekaa ni walewale. Mwalimu Nibaran, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na hakuoa. Tarapada, anayeitwa Relwe kwa kuwa alipanga ratiba za treni mpaka alipostaafu. Na Khagen, anayeitwa Vidonge, muuza dawa zile nyeupe tamutamu ambazo kadiri zinavyochanganywa na maji ndivyo zinavyosifiwa nguvu. Ukiwatazama vizuri, hapo hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa akisubiriwa mahali popote, isipokuwa Ghontu.

— Sasa nieleze taratibu, akasema Mwalimu. Sehemu ngapi?

— Tatu, Mwalimu. Mama mkwe, mama, tajiri.

— Na wewe ni mmoja.

— Ndiyo.

— Hapo ndipo ulipokosea.

Relwe akacheka mpaka chai ikamwagikia kikoi.

— Mwalimu, usimvuruge kijana wa watu! Ghontu, sikiliza. Hili ni suala la reli. Njia moja, treni tatu. Unafanyaje? Unajenga njia ya kupishana. Treni moja inakaa pembeni inangoja, nyingine inapita.

— Na ipi ikae pembeni?

— Yoyote. Muhimu ni moja ikae.

— Sasa si ndiyo naketi hapa!

— Basi umeshaanza, akasema Relwe kwa fahari. Mahadeb, mletee kingine huyu.

Simu ya Ghontu ikalia. Alikuwa mama yake. Ghontu akaigiza sauti ya mtu aliyebanwa na umati.

— Ndiyo mama... niko njiani mama... barabara imefungwa, kuna maandamano... Hapana, madogo. Ya wauza maembe.

Alipokata simu, baraza zima lilikuwa linamtazama kwa heshima.

— Wauza maembe, akasema Vidonge. Kijana una kipaji.

— Kipaji gani, Kaka Khagen! Shemeji anafika saa nne. Mama mkwe anaona kizunguzungu akichelewa kula. Mimi roho inanidunda.

— Ndugu yangu, roho ikidunda ni kwa sababu dozi yako ni kubwa, akasema Vidonge akijiweka sawa. Wewe unataka kwenda kwa mkweo ukae saa tatu, ule, ulale, uamke, ule tena. Hiyo ni dawa isiyochanganywa! Inaua! Mimi nakwambia nenda dakika kumi. Dakika kumi zitamgusa kuliko saa tatu. Dakika tano zitamgusa kuliko kumi.

— Na dakika moja? akauliza Mwalimu, ambaye penye namba hawezi kujizuia.

— Dakika moja atalia kwa furaha.

— Na asipokwenda kabisa?

Vidonge akatulia. Mtu angedhani amenaswa. Kumbe alikuwa anapanda mlima.

— Asipokwenda kabisa, akasema polepole, huko ndiko kufika kwa nguvu zote. Mama wa watu atamfikiria siku nzima.

— Atamfikiria, ndiyo, akasema Mahadeb kutoka kwenye jiko lake. Akiwa amezimia.

— We Mahadeb pika chai!

Saa nne ikapita. Ghontu alisimama mara mbili. Mara ya kwanza alipiga hatua tano kuelekea kwa mama mkwe, simu ya tajiri ikalia, akarudi kuipokea kivulini. Mara ya pili alielekea kiwandani, akakumbuka kwamba njia ya kiwandani inapita mbele ya dirisha la mama yake, na yeye yuko kwenye maandamano ya wauza maembe. Akaketi. Kila alipoketi alisema "dakika moja tu" na Relwe alitazama saa yake kama anayesubiri treni ya haraka.

— Kosa si lako, akasema Mwalimu, akiwa amechora kitu kwenye saruji kwa kigae. Nimepiga hesabu. Kila mkwe ni shemeji wa mtu. Wewe ukienda kwa mkweo, shemeji yako anakuja kwako, hakukuti. Na yeye kwao ameacha shemeji yake mwingine, naye hamkuti. Huyo naye kaacha wa kwake. Endelea hivyo mpaka mwisho wa mji. Jibu: saa sita mchana, wanaume wote wa Kalkata wako barabarani na hakuna hata mmoja aliye nyumbani.

— Basi nani anafungua milango? akauliza Relwe.

— Hilo si swali la hesabu.

— Ni la ratiba! Relwe akaruka. Serikali ikinisikiliza, wakwe wa kaskazini wafungwe uzi asubuhi, wa kusini jioni. Wa ng'ambo ya mto wapewe siku yao. Kila mkwe awe na namba. Akichelewa, anapewa anayefuata kwenye foleni. Mama mkwe apate mkwe yeyote aliye tayari! Kwani uzi unajua ni mkono wa nani?

— Mkwe wa kukodi! Vidonge akapiga paja. Mimi naweza kufanya hiyo kazi. Nyumba sita kwa siku.

— Wewe wakweo walikutimua, Kaka Khagen.

— Ndiyo maana nina nafasi!

Wakacheka, na Ghontu akacheka kuliko wote. Ukweli ni kwamba ilikuwa miezi hajacheka hivyo. Kazini hacheki, kwa sababu tajiri anaona kicheko ni wizi wa muda. Nyumbani anacheka nusu, kwa sababu mama yake huuliza anachekwa nani. Hapa, na chai ya moto, na wajinga watatu wanaompenda, kifua kilimfunguka. Simu ilipotetemeka tena akaona jina la Sulekha. Akajua akipokea ataulizwa yuko wapi, na jibu la hapo halina maandamano ya kulisaidia. Akaizima sauti, akaiweka mfukoni. Alikuwa anakwenda hata hivyo. Angemaliza hiki, aende.

— Mwalimu, rudia ile ya wanaume wote barabarani.

Mwalimu akarudia, na safari hii akaongeza Bombei.

Ilikuwa saa saba kasoro robo Relwe alipoacha sentensi katikati, akavuta kikoi chake kikafunika magoti. Sulekha alikuwa amesimama mbele ya baraza. Alikuwa na sari ileile ya kazini, ya zahanati ya macho ambako hupokea wagonjwa tangu saa moja asubuhi, mkoba begani, jasho limeloanisha mgongo. Na kwenye mkono wake, juu ya bangili, palikuwa na uzi wa njano, bado mbichi, umeacha alama ya manjano kwenye ngozi.

Ghontu aliuona uzi kabla ya kumwona mke.

— Sulekha... nilikuwa nakuja. Sasa hivi nilikuwa...

— Ndiyo, akasema Sulekha. Nimekupigia mara sita.

— Mama?

— Nimetoka kazini saa nne. Nimekwenda nyumbani, shemeji keshafika, mama yako anauliza maandamano yataisha lini. Nimemkatia shemeji maembe, nimemkalisha chini ya feni, nimemsikiliza habari za figo zake. Tajiri wako kapiga pale nyumbani. Nimemtajia jina la bwana harusi herufi kwa herufi kutoka kwenye karatasi zako, kaandika. Halafu nimekwenda kwa mama. Nimemkuta kakaa ukingoni mwa kitanda, mikono inamtetemeka, jasho la baridi. Maji yako hapo pembeni, hagusi. Mkwe hajafika.

Mahadeb aliacha kukoroga.

— Nikamwambia, uzi nifunge mimi. Akasema wewe si mkwe. Nikamwambia mama, mkono ni mkono. Akafikiria. Mikono inatetemeka, akafunga mara tatu uzi ukateleza, mara ya nne ukashika. Akanipepea. Akanilisha. Kichwa cha samaki, fungu la mkwe, amenipa mimi. Halafu akanywa maji, akala.

— Yuko salama? akauliza Ghontu.

— Amelala. Jirani yuko naye.

Mwalimu Nibaran akakohoa. Alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni ilikuwa imevunjwa mchana kweupe.

— Lakini, bibie... uzi ule ni wa mkwe mwanamume. Mila inasema...

Sulekha akamgeukia. Hakuwa na hasira usoni. Hasira ingekuwa afadhali, wangejua pa kuishika.

— Sogeeni, akasema.

Hakuna kiumbe wa kike aliyewahi kukaa kwenye baraza lile, ila paka. Wazee wakasogea. Ghontu akasimama kumpisha, akabaki juani, hajui mikono aiweke wapi. Sulekha akakaa, akavua viatu, akanyoosha miguu mbele akavitazama vidole kama mtu aliyekutana na ndugu wa mbali. Mahadeb alimletea chai bila kuagizwa, na akaileta kwa mikono miwili.

Akapuliza. Akanywa kidogo. Akafumba macho.

— Chai nzuri, akasema. Nilikuwa nikipita naisikia harufu tu.

Barabarani mkwe mmoja alipita mbio, shati jipya, boksi la vitumbua vya maziwa kifuani, jasho likimtiririka.

— Mbona mmenyamaza? Sulekha akauliza. Nimewasikia tangu kwenye kona, mnapigiana mapaja. Endeleeni, na mimi nijifunze. Ilikuwa habari ya mtu kufanya kazi, kuangalia wazazi, na kupata nafasi ya kupumzika, sivyo?

— Ndiyo, akasema Relwe, kwa sauti ya mtoto aliyeitwa ubaoni.

— Tangu saa mbili asubuhi?

— Tatu, akasema Vidonge.

— Mbili na nusu, akasema Mwalimu, kwa sababu ni mtu wa hesabu.

— Basi lazima mmepata kitu. Mmefikia wapi?

Mwalimu alitazama michoro yake kwenye saruji. Relwe alitazama saa. Vidonge alitafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwamo. Ghontu alifungua mdomo. Alikuwa na sababu tatu nzuri, zimepangwa, kila moja na ushahidi wake, na hakuna hata moja iliyokubali kutoka.

Sulekha akaegemeza mgongo kwenye mlango wa kina Mallik, akamnyooshea Mahadeb kikombe.

— Nipe kingine, kaka, akasema. Sina haraka.