Aliyejitaja Katika Kila Wimbo

Picha na jina la marehemu vipo kwenye jalada la ratiba hii. Kwa desturi yetu Wamaasai, jina la aliyetutoka halitamkwi tena, na mchungaji ametukubalia. Hivyo mimi Parmuat, kaka yake, nitasema "marehemu" tu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1998, Nainokanoka, Ngorongoro, mtoto wa pili wa Mzee Lekoko na Mama Sinyati. Alisoma Karatu mjini, akahitimu kidato cha nne mwaka 2015, kwa matokeo ambayo familia iliamua kuyasamehe.

Elimu yake nyingine aliipata likizo. Baba alikuwa mlinzi wa hoteli moja ukingoni mwa kreta, yenye piano iliyoliwa na ukungu.

"We! Nimesema piano ya wageni usiiguse!"

"Siigusi, baba. Naifuta vumbi."

Aliifuta vumbi miaka minne, mpaka wageni wakawa wanapiga makofi. Noti moja ilikuwa imekufa. Marehemu alitunga nyimbo zake akiikwepa, hata baadaye alipopata vinanda vizima. Redioni wakasema huo ni mtindo wake.

Mwaka 2018 alikwenda Arusha kurekodi kwa Talha, kijana wa wenye duka la vitambaa hapa Karatu. Wimbo wa kwanza ulianza kwa piano peke yake. Talha akasimamisha mashine.

"Dada'angu, jitaje kwanza! Wimbo usiojitaja ni yatima."

Akajitaja. Tangu hapo kila wimbo wake ulianza na yeye akiliita jina lake mwenyewe, kama mtu anayepiga hodi kwao.

Hakuolewa. Washenga walikuja mara moja kutoka Ololosokwan; aliwapigia kinanda, wakaondoka wameridhika, bila kukumbuka walichofuata.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Juni mwaka huu alirudi nyumbani.

"Yeyo," alimuuliza mama, "nikiondoka utazizima nyimbo zangu?"

"Nitazizima. Zote zinakuita."

"Sasa utanisikia wapi?"



Wiki iliyofuata marehemu aliomba kinanda kisogezwe kitandani, akarekodi wimbo kwa simu. Nikamuuliza mbona hajajitaja.

"Huo ni wa yeyo," akasema. Ile noti aliyoikwepa tangu hotelini, humo imo.

Alifariki Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, hospitalini Arusha. Tangu hapo vijana wa bodaboda, kwa nia njema, wanapita na nyimbo zake kwenye spika. Juzi sauti yake ilijitaja pale getini. Mama akaitika, akaweka kikombe cha pili mezani. Hakuna aliyethubutu kukiondoa.

Familia inawaomba mzizime zote. Ule mmoja usiojitaja mama hajausikia bado, anasema anauogopa. Leo, tukishafukia, amekubali tumpigie.

Marehemu ameacha wazazi wake wote wawili, mimi kaka yake, mdogo wetu Nareyu, na sauti yake mwenyewe, ambayo bado hatujui tuihesabu wapi.

Apumzike kwa amani, asiitwe tena.