Dokta Beatha na Mashine ya Atomu Moja

Jumatatu hii, tarehe 30 Juni 2025, Dokta Beatha Mchomvu anastaafu baada ya kutumikia kituo chetu cha utafiti wa fizikia hapa Same kwa miaka thelathini na minne. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu mimi, Ernesta wa maktaba, ndiye niliyechapa karibu kila karatasi ya utafiti aliyoandika. Nimejitahidi uwe wa furaha. Pale nitakaposhindwa mtanisamehe.

Alifika mwaka 1991 akiwa na begi moja la nguo na kiroba cha tangawizi kutoka shambani kwa mama yake, kijijini Mamba. Tangu siku hiyo chai ya maktaba haijakosa tangawizi. Fani yake ni thamodinamiki ya kwanta. Wageni walipouliza hicho ni kitu gani, aliwaambia kwamba injini ya lori hula joto na kutoa kazi, na yeye alitaka kujua ingekuwaje kama injini hiyo ingekuwa ndogo kama atomu moja. Wengi waliitikia kwa kichwa, wakaomba chai nyingine.

Mwaka 1996 akaja Dokta Loth Sindato, mtoto wa wafugaji wa kule tambarare. Walifanya kazi pamoja miaka ishirini na sita, wakigombana karibu kila siku, na ugomvi ulikuwa ule ule. Beatha aliandika alama chanya kwa nishati inayoingia kwenye mashine, kama mkulima anavyohesabu kilichoingia ghalani. Loth aliiandika kwa kazi inayotoka, kwa kuwa kwao ng'ombe husifiwa kwa maziwa. Njia zote mbili ni sahihi, mradi karatasi moja ifuate njia moja.

Mwaka 2009 haikuwa hivyo. Kila mmoja aliandika nusu yake kwa alama zake, na nusu hizo zilipounganishwa, atomu yao ikaonekana inatoa kazi nyingi kuliko joto ililopewa, jambo ambalo hakuna injini iliyowahi kulifanya. Tulishangilia. Loth akaleta mbuzi. Wiki tatu baada ya karatasi kutoka, Beatha aliligundua kosa, yeye mwenyewe akaliandikia jarida lililoichapisha akitaka iondolewe, kisha akasimama kwenye kikao cha wafanyakazi akatuomba radhi. Loth alisema karatasi itarudi, lakini mbuzi ndiyo basi tena.

Wakaanza upya, polepole, kutafuta kiasi kidogo kabisa cha joto ambacho mashine kama hiyo haina budi kupoteza. Dokta Jackline, anayeshika nafasi ya Beatha sasa, alikua kitaaluma ndani ya kazi hiyo.

Machi 2022, ikiwa imebaki sura ya mwisho, waligombana tena kuhusu alama. Safari hii Beatha alipandisha sauti, akasema ukaidi wa Loth ndio uliowaaibisha mwaka ule, akaondoka bila kuaga. Asubuhi yake Loth hakuamka. Tulikwenda kumzika kwao. Beatha alikaa karibu na mjane, Mama Soila, kutwa nzima. Mwaka mzima hakulifungua daftari la kazi yao, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Nilidhani atastaafu bila kuimaliza kazi ile. Mwezi uliopita akaniletea mswada uliokamilika, kurasa mia moja na kumi na mbili. Kurasa za mwanzo nilizikumbuka, maana nilizichapa zamani, na nikaona alama zimegeuka. Nikadhani kosa limerudi. Nikafunua hadi mwisho. Zote, hata za sura alizoziandika peke yake, alikuwa amezirudia kwa mkono kwa njia ya Loth. Jina la Loth lilitangulia. Aliniambia jibu ni lile lile kwa njia yoyote, ila hakuwa na namna nyingine ya kumwomba radhi.

Dokta Beatha, ahsante kwa yote uliyotufundisha. Nakala ya kwanza tutampelekea Mama Soila kama ulivyoagiza. Unaporudi Mamba, sisi sote tunakutakia maisha mema, afya, na usingizi usio na mahesabu.

Kuna jambo moja sijapata namna ya kukuambia kwa miaka mitatu. Jioni ile, baada ya wewe kuondoka, Loth alipita maktaba. Alikuwa anacheka. Aliniomba asubuhi nikuwekee chai mapema, yenye tangawizi nyingi, kwa sababu utakuja bado umenuna.