Levina Lugembe na Ukuta Usiosiribwa

Mchungaji wetu, wazee wetu, majirani wa Gongoni na ninyi mliotoka mbali kuja kulia pamoja nasi, mimi ni Dismasi, kaka mkubwa wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya mdogo wangu, na kwa jinsi wingu lilivyotanda nitajitahidi nisiwacheleweshe, ingawa karatasi hii inapeperuka.

Marehemu Levina alizaliwa tarehe 14 Machi 1983 katika kijiji cha Usinge, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Lugembe Mahona na Mama Stela Nyanzala, akabatizwa mwaka huo huo katika Kanisa la Moravian, na waliomlea wanakumbuka mtoto wa kuuliza maswali mpaka mtu unajificha, hasa kwa nini nyumba ya fulani imeanguka na ya jirani yake bado imesimama.

Alisoma shule ya msingi hapo Usinge kuanzia mwaka 1991 hadi 1997, akaja sekondari hapa mjini Tabora mwaka 1998, akahitimu kidato cha sita mwaka 2004, kisha akaenda Dar es Salaam kusomea usanifu majengo na kupata shahada yake ya kwanza mwaka 2010. Januari 2011 aliajiriwa serikalini kama msanifu majengo, na tarehe 21 Juni 2014 alifunga ndoa takatifu na shemeji yetu Mathias Sadiki, wakajaliwa watoto wawili, Stela aliyezaliwa mwaka 2015 na Tobia aliyezaliwa mwaka 2018.

Oktoba 2021 alianza masomo ya shahada ya uzamivu, akichunguza nyumba za zamani za udongo zilizobaki kwenye ile njia ya misafara ya kutoka Tabora kwenda Ujiji, apate kujua kuta zake zinapokeaje maji na kuyatoa, na hii nyumba ya babu yetu tulipokusanyika leo ikawa mojawapo. Kwenye ukuta wa mashariki alipachika vile vidude vyeupe mnavyoviona, vya kupima unyevu, na msimamizi wake alimtaka apime msimu mzima, tangu mvua za kwanza za Novemba hadi ardhi inapokauka mwezi wa Mei, bila mkono wa mtu kuugusa ukuta. Sisi tulitegemea msanifu aturudie na ramani ya ghorofa, na Shangazi Veneranda hakuchoka kumtania kwamba mtoto amesoma weee, mwisho amerudi kucheza udongo.

Machi 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akatibiwa huku akiendelea na masomo, lakini Januari 2024, mvua zikiwa katikati, hali ilibadilika ghafla tukamkimbiza Mwanza, na taarifa nilizokuwa nikiwapa wa nyumbani kwa simu zilikuwa za kukatisha tamaa. Kwetu, kama wengi mnavyojua, nyumba haipokei wageni ikiwa na nyufa, iwe ni kwa arusi au kwa msiba, kwa hiyo Shangazi aliwakusanya kina mama, wakakanda udongo kwa samadi na majivu, wakasiriba nyumba nzima, ukuta wa mashariki ukiwemo, wakisema wanapendezesha tu, na neno msiba hakuna aliyethubutu kulitamka.

Mungu akamwinua, tarehe 17 Februari 2024 tukarudi naye, akashuka kwenye gari, akautazama ukuta, akaelewa mambo mawili kwa pamoja, kwamba vipimo vya msimu ule vimekufa, na kwamba jamaa zake walikwisha kumzika. Alilia mbele yetu sote, kisha akamwomba Shangazi chai, na Shangazi akaimimina nusu kikombeni, nusu chini. Msimamizi alimjibu kwamba hakuna njia ya mkato, msimu upimwe upya, na tangu siku hiyo hofu yetu haikuwa tena kama Levina atapona, bali ni kipi kitatangulia kwisha, mvua au yeye.

Novemba 2024 alianza upya, akawa anasafishwa damu Mwanza na kurudi huku akiwa hoi, anawekewa kiti mbele ya ukuta, Mathias kamshikia mwavuli, anayaangalia mawingu kama mkulima wa tumbaku. Mwezi uliopita alituita, akatuagiza kwamba hata akifa nyumba isisiribwe mpaka ardhi ikauke, na tarehe 6 Aprili 2025, saa nne asubuhi, akaaga dunia, mvua bado zipo. Mwanafunzi mwenzake, dada Advera, ameahidi kuja kusoma vipimo hadi mwisho wa Mei, na tasnifu itapelekwa kwa jina la Levina, ila kama chuo kitamtunuku ile shahada bado hatujajibiwa, nami siwezi kudanganya mbele ya jeneza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, uongozi wa kanisa, wafanyakazi wenzake, walimu wake, na majirani mliotupikia na kukesha nasi, na wale ambao hatukuwataja mtuwie radhi.

Najua wapo walionong'ona kwamba ukoo wa Lugembe umekosa adabu, unamzika msomi wake kutoka kwenye nyumba yenye nyufa. Hata sisi juzi tulishtuka, Shangazi Veneranda alipoingia kutoka kwake Isevya na ndoo mkononi, tukatazamana, nani atamzuia mama mtu mzima, naye akapita katikati yetu, akaigeuza ndoo mbele ya ukuta wa mashariki, akaikalia, na tangu hapo hajainuka ila kwa maombi, analia na huku anafukuza kila anayetaka kuegemea, mpaka mchungaji kafukuzwa.

Pumzika kwa amani, Levina, ukuta wako hakuna aliyeugusa.