Victoire Haijawahi Kushinda

Jumamosi, 6 Septemba. Asubuhi manyunyu na upepo wa baridi. Haya ndiyo niliyosema ukumbini Parramatta:

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Jumuiya, Mchungaji Habonimana, wazazi, wachezaji wetu, ndugu wageni waalikwa, habari za mchana.

Mimi Atupele, katibu wa timu yetu ya mpira ya wasichana, nimeombwa nimuage Kocha Juvénal, anayehamia Perth. Nitamsifu, lakini kwanza niruhusuni nilalamike.

Ni nani huipa timu jina la Victoire, kisha msimu mzima isishinde hata mechi moja? Na tukifungwa, je, anatufundisha kukaba? Hapana! Anatukusanya kwenye matope na kuanza: "Écoutez, sikilizeni, watoto wangu. Neno hili ni la Warumi. Walisema victoria, kutokana na vincere, yaani kushinda. Mwitaliano akalifanya vittoria, Mreno vitória, Mromania victorie, na sisi Mfaransa akatuletea victoire."

Nella, golikipa wetu, ameshapitwa na mabao saba, anatetemeka: "Coach, please, tumeloa!"

"Bado! Warumi walimchonga huyo Victoria kama mungu wa kike mwenye mabawa."

"Basi yeye ndiye akae golini."

Mwezi uliopita aliniomba niichukue timu. Nilikataa. Nina zamu za kutunza wazee, na mpira siujui. Akarudi, nikakataa tena. Akaniambia, kwa ule upole wake unaoudhi, kwamba kutoka vincere hiyohiyo Wafaransa wamepata convaincre: kumshinda mtu kwa hoja mpaka akubali. Nikamjibu kwa jina la mwanawe, "Baba Lyse, mimi si Mrumi."

Ndugu zangu, tusipopeleka jina la kocha kufikia Jumatatu, timu inafutwa kwenye ligi. Nimewauliza wazazi: huyu ana zamu, yule mgongo. Hata sasa mnaangalia viatu vyenu!

Lakini wasichana hawa wakifungwa saba, Jumamosi inayofuata wamefika wote, tena kabla yetu. Nani aliwafundisha hivyo? Ni huyuhuyu anayenichosha.

Kocha, lete hiyo filimbi. Nimekubali. Huu ndio ushindi wako wa kwanza msimu huu, na uliyemfunga ni mimi.

Mazoezi ni Jumanne. Wazazi mnaokuja kupiga kelele, njooni na machungwa. Asanteni kwa kunivumilia.

Sasa ni saa tano na nusu usiku, naenda kulala baada ya kusoma kanuni ya kuotea mara tatu. Bado sijaielewa.