Kapteni Leland Vandrasek wa Kituo cha Mashariki

Marehemu Leland Josef Vandrasek alizaliwa tarehe 11 Februari 1952 katika mji wa Corley, jimbo la Michigan, akiwa mtoto wa pili wa Josef Vandrasek, mfanyakazi wa kiwanda cha karatasi, na mkewe Wilma. Alizaliwa nyumbani, Mtaa wa Alder, kwa sababu theluji ilikuwa imefunga barabara ya hospitali. Daktari aliletwa na gari la zimamoto. Mama yake alipenda kusema kwamba Leland alikijua king'ora kabla ya kulijua jina lake.

Alisoma katika shule za hapa mjini na kumaliza sekondari mwaka 1970. Katika bendi ya shule alipiga tarumbeta kubwa, kwa nguvu kuliko usahihi. Alianza chuo, lakini baada ya mwaka mmoja baba yake aliugua, naye akarudi nyumbani kusaidia. Hakuwahi kulalamika juu ya hilo. Hata hivyo, wajukuu wake walipoingia chuo kikuu, aliwaomba wamwachie vitabu wanavyovimaliza, na alivisoma.

Tarehe 3 Juni 1974 aliajiriwa kuwa askari wa zimamoto wa mji wa Corley. Mwaka 1991 alipandishwa cheo kuwa kapteni na kukabidhiwa Kituo cha Mashariki, ng'ambo ya reli. Huko alipika supu ya maharage kila Jumapili ya zamu, na kila majira ya kuchipua alisimamia kifungua kinywa cha chapati za maji, na mtaa wote ulialikwa.

Ni katika kifungua kinywa kama hicho, mwaka 1976, akiwa bado askari wa kawaida, alipokutana ana kwa ana na Arlene Tuohy. Arlene alikuwa akipokea simu za dharura katika kituo cha polisi na kuwatuma polisi na zimamoto kwa redio. Walikuwa wakisikiana redioni mwaka mzima bila kuonana. Siku hiyo Arlene alisogeza sahani na kuomba asali.

"Simama hapo hapo," Leland akasema. "Wewe ndiye unayeniamsha!"

"Na wewe ndiye unayeitikia kama dubu," Arlene akajibu. "Asali, tafadhali."

Walifunga ndoa tarehe 14 Mei 1977 na kujaliwa watoto wawili, Roslyn na Garth.

Wasifu wa marehemu hautakamilika bila kutaja kura za mwaka 2010 na 2011, maana yeye mwenyewe alizitaja mpaka mwisho. Mji ulikuwa umeishiwa fedha. Baraza liliwauliza wananchi kama wangekubali kuongeza kodi ya nyumba kwa miaka mitano, fedha zote ziende kwa polisi na zimamoto. Kura zikikataa, Kituo cha Mashariki kingefungwa na doria ya polisi ya usiku ingebaki na gari moja.

Siku za kupiga kura, askari wa zamu walikuwa na desturi ya kwenda pamoja na gari lao, kuliegesha nje ya shule iliyotumika kupigia kura na kupanga foleni huku redio ikiwa wazi. Tarehe 2 Novemba 2010 vijana wake walitaka kwenda asubuhi. Leland alikataa. Aliona si haki gari jekundu na watu wenye sare wasimame mlangoni pa kituo cha kura wakati watu wanaamua juu ya mishahara yao.

"Tutakwenda jioni, watu wakipungua," alisema.

Jioni walikwenda, yeye na vijana wake wawili. Walikuwa katikati ya foleni redio ilipoita: nyumba inaungua Mtaa wa Tannery. Waliiacha foleni wote watatu. Walipomaliza kuzima, vituo vya kura vilikuwa vimefungwa. Kodi ile ilikataliwa kwa tofauti ya kura mbili tu.

Kesho yake mgahawani alimkuta jirani yake, Bwana Ferris Oudekerk, mstaafu wa kiwanda cha samani, ambaye aliipinga kodi ile waziwazi kwa sababu pensheni yake haikuongezeka.

"Ninyi watu wa ajabu!" Bwana Oudekerk alimwambia mbele ya wote. "Mnatuomba kodi, halafu kura zenyewe hampigi?"

"Nyumba ilikuwa inaungua, Ferris."

"Ya nani?"

"Ya bwana mmoja mwenye kibao cha kampeni cha HAPANA uani. Kibao tumekiokoa pia."

Mgahawa mzima ulicheka, na Bwana Oudekerk akamlipia kahawa. Lakini nyumbani Leland hakucheka. Kituo kilifungwa mwezi Januari. Alihamishiwa kituo cha katikati ya mji, na askari wanne wa zimamoto na watatu wa polisi walipoteza kazi. Alimwambia mkewe, "Nilitaka tuonekane waungwana, Arlene. Wenzangu ndio wamelipia."

Kura iliporudiwa tarehe 3 Mei 2011, alitumia siku zake za mapumziko kubisha hodi mlango kwa mlango, akiwa amevaa sweta, kwa kuwa sheria haikuruhusu sare. Wengi hawakumtambua bila kofia yake ya kazi. Hakumtisha mtu yeyote. Mjane mmoja alimwambia, "Mwanangu, kodi ikipanda tena nitaiuza nyumba hii." Leland aliketi jikoni kwake, akamsaidia kuandika maombi ya punguzo la kodi kwa wazee, kisha akaondoka bila kumuuliza atapigaje. Upepo ulipokiangusha kibao cha HAPANA cha Bwana Oudekerk, alivuka ua na nyundo akakisimamisha.

"We Leland, unakichomeka mwenyewe?" Bwana Oudekerk aliita kutoka barazani.

"Kikilala chini watasema nimeking'oa mimi."

"Kinyooshe basi, kimeinama kushoto."

Safari hiyo askari wote walipiga kura alfajiri. Kodi ilipita, na kituo kikafunguliwa tena mwezi Septemba. Leland alistaafu tarehe 30 Juni 2013. Kodi ile ilirudishwa kwa wananchi mwaka 2015 na mwaka 2020, na kila mara majirani hawa wawili walikwenda kupiga kura katika gari moja. "Tunakwenda kufutana kura," walikuwa wakisema, maana mmoja alipiga NDIYO na mwingine HAPANA.

Mwezi Machi 2024 aligundulika kuwa na saratani ya mapafu. Aliukubali ugonjwa kwa utulivu na aliwashukuru wauguzi kwa majina yao. Tarehe 30 Septemba mwaka huu, akiwa hawezi tena kutembea mbali, aliomba apelekwe ofisi ya karani wa mji akapige kura ya mapema, kwa kuwa kodi inarudi tena kwa wananchi Jumanne, tarehe 4 Novemba. Alipotoka alisema, "Safari hii nimewahi." Alifariki nyumbani, mkewe akiwa amemshika mkono, asubuhi ya Jumatatu, tarehe 20 Oktoba 2025.

Karani ametueleza, kwa masikitiko, kwamba kwa sheria ya jimbo kura ya mtu aliyefariki kabla ya siku ya uchaguzi huwekwa kando. Marehemu alituagiza pia kwamba mazishi yake yasigeuzwe mkutano wa kampeni, na familia haimwombi mtu yeyote kura leo. Lakini Bwana Oudekerk ametuomba tuyaseme yafuatayo, na hatukuweza kumkatalia.

Jumatano alikuja nyumbani kwa Arlene na bakuli la viazi vya jibini. Kibao chake cha HAPANA alikuwa amekibana kwapani.

"Kirudishe uani, Ferris," Arlene alimwambia. "Leland angekusimamishia."

"Najua. Ndiyo maana nimeking'oa." Alikiweka chini kando ya mlango. "Mwaka huu hakuna wa kunifuta, Arlene. Nikishinda, nitakuwa nimemshinda kwa sababu amekufa. Sitaki."

"Basi usibaki nyumbani. Angekukasirikia."

"Nitakwenda. Nitapiga ya kwake," alisema. "Yangu ingoje miaka mitano."

Marehemu ameacha mjane, Arlene. Watoto wawili, Roslyn na Garth. Wajukuu wanne, Maren, Joel, Petra na Silas. Dada yake, Bi. Dorothea, askari wenzake wa Kituo cha Mashariki, na jirani yake, Ferris Oudekerk. Kaburini, kwa desturi ya zimamoto, redio itaita namba yake ya kazi kwa mara ya mwisho. Sauti itakayoita ni ya Arlene. Tunaomba wote tunyamaze na kumwacha Leland asiitikie.

Alale kwa amani, Kapteni wetu. Zamu yake imepokewa.